Magazeti ya akiolojia: mfupa wa Ishango, gazeti moja la 1962, na sisi tunaochimba kila siku

Msikilizaji wetu mmoja, mchimbaji wa koltani, alitupigia simu siku tulipogusa habari ya Ishango kwenye antene. Aliuliza hivi: «Ndugu mtangazaji, wale wazungu waliochimba mifupa kule Beni, walikuwa wanatafuta nini kweli? Mtu anaweza kuchimba miezi mizima juu ya mfupa wa samaki?» Dakika zetu zilikuwa zimekwisha, tukamjibu kwa maneno mawili matatu. Makala hii ni jibu lake refu.

Tunaanza na magazeti, maana ni kwa njia ya gazeti dunia ilijua kitu kilichotoka katika udongo wa Kivu ya Kaskazini. Halafu tutarudi huku kwetu, Masisi na Walikale, fasi ambapo watu wanachimba kila asubuhi: shamba, msingi wa nyumba, choo, shimo la madini.

Gazeti la akiolojia ni gazeti gani?

Akiolojia ni elimu ya kujua maisha ya watu wa zamani kwa kuangalia vitu walivyoacha ndani ya udongo: vyungu, majiko, mawe yaliyochongwa, mifupa, makaburi, mavi ya chuma. Wataalamu wanaandika kazi yao kwanza katika vitabu vizito, vyenye maneno magumu, na watu wanaovisoma ni wachache.

Gazeti la akiolojia la watu wote linakaa katikati. Linachukua kazi ya mtaalamu na kuieleza kwa mtu aliyesoma kidogo lakini anapenda kujua. Kule Marekani kuko gazeti Archaeology, lililoanza mwaka wa 1948. Ufaransa wana Archéologia, tangu 1964. Kuko pia magazeti ya sayansi na ya dunia kwa jumla ambayo mara kwa mara yanaandika juu ya mambo ya kale: National Geographic, tangu 1888, na Scientific American, ambalo ni mzee kuliko yote haya, tangu 1845. Pour la Science, lililoanza 1977, ni ndugu ya Scientific American kwa lugha ya Kifaransa.

Ndani yake utakuta picha kubwa, ramani, mchoro wa shimo lililochimbwa, na maelezo: nani alichimba, mwaka gani, alikuta nini, na anafikiri nini juu yake.

Mimi mwenyewe nilikutana na gazeti la namna hiyo nikiwa sekondari. Mwalimu wetu wa historia alikuwa na namba moja ya zamani, bila jalada, aliyonunua Goma kwenye vitabu vya mitumba. Tuliipokezana hadi kurasa zikaanza kuachana. Hakukuwa hata neno moja juu ya Kongo ndani. Lakini kulikuwa picha ya ukuta wa shimo, na kila tabaka la udongo limeandikwa namba. Mwalimu alisema: cha chini ni cha zamani, cha juu ni cha juzi, kama udongo haujavurugwa. Mchimbaji yeyote wa Rubaya au wa Bisie anaelewa neno hilo haraka kuliko mwanafunzi wa shule, maana anasoma tabaka za udongo kila siku ya Mungu.

Mfupa uliotoka kwetu

Ishango iko katika teritware ya Beni, ndani ya Hifadhi ya Virunga, pale mto Semliki unatoka katika ziwa Edouard. Mwaka wa 1935 mtaalamu wa maji, H. Damas, alitumwa kuchunguza maziwa ya huku: Kivu, Edouard na Ndalaga. Ndiyo, ni Ndalaga hii hii ya maziwa ya Mokoto, hapa Masisi. Alipofika Ishango aliona kwamba udongo wa kando ya mto una mifupa na vyombo vya watu wa kale.

Miaka 15 baadaye, mwaka wa 1950, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa mawe na udongo kutoka Ubelgiji, alikuja kuchimba. Alikuta makao ya wavuvi. Kulikuwa mifupa ya samaki na ya wanyama, mawe ya kusagia na ya kukatia, mifupa ya watu, na vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mfupa, vyenye meno ya kuzuia samaki asichomoke. Juu ya makao yale kulikuwa majivu ya volkano. Sisi tulioona Nyiragongo ikitapika mwaka wa 2002 na tena 2021 hatuhitaji mtu wa kutueleza maana ya majivu kama yale.

Katikati ya vitu hivyo kulikuwa mfupa mdogo, urefu wake karibu sentimita 10, rangi ya kahawia. Kwenye ncha yake moja kulipachikwa kipande cha jiwe la kwatzi. Na pande zake zilijaa chale, alama fupi zilizokatwa kwa makusudi, zikiwa zimepangwa kwa mafungu katika mistari mitatu.

Msomaji, chukua kalamu tuhesabu pamoja. Mstari wa kwanza una mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19. Mstari wa pili: 11, 21, 19 na 9. Mstari wa tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7.

Jumlisha mstari wa kwanza, unapata 60. Jumlisha wa pili, unapata 60 tena. Wa tatu unatoa 48. Sasa angalia vizuri. Katika mstari wa kwanza, kila namba haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na zile ni namba zote za aina hiyo kati ya 10 na 20. Mstari wa pili unaonekana sawa mtu anayeongeza na kutoa moja: 10 na 1, 20 na 1, 20 kutoa 1, 10 kutoa 1. Katika mstari wa tatu, 3 inafuatwa na 6, 4 inafuatwa na 8, na 10 inafuatwa na 5. Ni sawa mtu anayezidisha mara mbili na kugawa kwa mbili.

Ni bahati tu, ama kuko mtu aliyejua hesabu kando ya Semliki? Swali hilo ndilo lilifanya mfupa huu ujulikane.

Gazeti lililoupeleka duniani

De Heinzelin alitoa ripoti yake ya kazi mwaka wa 1957, Brussels. Ilikuwa kitabu cha wataalamu, katika mfululizo wa vitabu vya utafiti wa hifadhi. Haikufika kwa watu wa kawaida.

Mwezi wa sita mwaka wa 1962 aliandika makala katika Scientific American, kichwa chake neno moja tu: Ishango. Alieleza makao ya wavuvi, vichwa vya chusa, majivu ya volkano, akachora mfupa na chale zake, akasema anafikiri ni mchezo wa hesabu wa watu wa kale. Gazeti lile lilisomwa na walimu, mafundi, wanafunzi na watu wa ofisi. Mfupa ukaanza safari.

Mmoja wa wasomaji alikuwa Alexander Marshack, mwandishi wa habari wa Marekani. Hakuwa mtaalamu wa akiolojia. Alikuwa anaandika kitabu juu ya mpango wa kupeleka mtu mwezini, akitaka kueleza mwanadamu alianza lini kuhesabu siku na kuangalia anga. Alipoona mchoro wa mfupa wa Ishango akajiuliza: je, chale hizi si siku za mwezi, tangu mwezi unapoandama hadi unapopotea? Kazi yake ikageuka. Alianza kuzunguka katika nyumba za makumbusho za Ulaya akiangalia mifupa ya zamani yenye chale, na mwaka wa 1972 akatoa kitabu kikubwa juu yake. Akawa mtafiti anayejulikana, na kila mtu anayeshughulika na mambo hayo analazimika kumjibu, akubaliane naye ama asikubaliane.

Ndiyo nguvu ya gazeti la namna hii. Msomaji mwenye hamu ya kujua alikutana na mchoro mmoja, na swali lake likaingia ndani ya kazi ya wataalamu.

Wataalamu hawapatani, na hilo ndilo zuri

Leo kuko maoni matatu makubwa juu ya mfupa ule. Wa kwanza wanafuata de Heinzelin: ni hesabu. Wa pili wanafuata Marshack: ni kalenda ya mwezi. Wa tatu wanasema tusikimbie mbio. Chale zinaweza kuwa za kufanya mkono ushike vizuri, ama urembo, na sisi ndio tunaona hesabu juu tumesoma hesabu shuleni. Wanaongeza kwamba ukipewa mafungu ya namba, ukitafuta sana utapata mpango fulani ndani yake, hata kama aliyekata hakuwa na mpango.

Hata umri wa mfupa ulibadilika. Katika makala ya 1962, de Heinzelin alihesabu kwamba wavuvi wa Ishango waliishi miaka elfu nane na kitu iliyopita. Katika miaka ya 1980, Alison Brooks wa Marekani na wenzake walirudi kwenye bonde la Semliki na kupima upya. Wakaona kwamba makao yale yana miaka zaidi ya 20,000. Kwa hiyo mtu aliyesoma gazeti la 1962 na kuishia pale, alibaki na umri wa uongo, hata kama hakuna mtu aliyemdanganya.

Wanapimaje? Njia inayojulikana zaidi ni ya kaboni. Kila kiumbe hai, mti ama mnyama ama mtu, kina ndani yake kaboni ya aina fulani inayopungua polepole kiumbe kikishakufa. Baada ya miaka karibu 5,730 inabaki nusu. Baada ya miaka mingine kama hiyo inabaki nusu ya nusu. Kwa kupima kilichobaki katika makaa au mfupa, wanajua ni miaka mingapi imepita. Ikipita miaka kama 50,000, kaboni iliyobaki ni kidogo mno na njia hii haisaidii tena.

Ndiyo maana Katanda, fasi nyingine kandokando ya Semliki, si mbali na Ishango, ilipimwa kwa njia nyingine. Pale Brooks na mwenzake John Yellen walikuta vichwa vya chusa vya mfupa pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Mwaka wa 1995 walitangaza kwamba vina miaka karibu 90,000. Wataalamu wengine walisita, maana kwingine duniani chusa za namna ile ni za nyuma sana. Mabishano hayo yaliandikwa wazi, kila mtu akatoa sababu zake.

Kwa nini msomaji anashikwa

Ukiuliza watu wanaopenda magazeti haya, wengi watakuambia ni picha. Lakini picha inavuta jicho dakika moja tu. Kinachomrudisha msomaji ni kwamba makala nzuri ya akiolojia inakwenda sawa uchunguzi wa polisi. Kuko kitu kilichokutwa, kuko mashahidi waliokufa zamani, kuko alama, na wewe msomaji unapewa nafasi ya kufikiri kabla ya kuambiwa jibu. Tulipohesabu chale hapo juu, wewe mwenyewe ulikuwa unachunguza.

Kuko pia jambo la kujiona. Mtoto wa Masisi anayesoma shuleni juu ya Wamisri, Wagiriki na Waroma anaweza kudhani kwamba huku hakukuwa kitu hadi Stanley alipopita. Akisoma kwamba kando ya ziwa Edouard watu walikuwa wanavua kwa chusa na kukata alama kwa mpango miaka 20,000 iliyopita, wakati mapiramidi ya Misri hayana hata miaka 5,000, anakaa vingine kwenye benchi yake.

Na magazeti haya yanasaidia kazi yenyewe. Tuangalie majirani wetu wa Tanzania. Tarehe 17 mwezi wa saba 1959, Mary Leakey alikuta fuvu la kale sana kwenye korongo la Olduvai. Mume wake Louis aliandika habari hiyo katika National Geographic mwaka uliofuata. Shirika lenye gazeti hilo, ambalo wakati ule liliishi kwa michango ya wasomaji wake, likaanza kulipia uchimbaji wa Olduvai, na mambo mengine makubwa yakapatikana pale. Fuvu lile leo liko Dar es Salaam, katika makumbusho ya taifa. Mfupa wetu wa Ishango uko Brussels, katika taasisi ya sayansi ya asili ya Ubelgiji. Msomaji atajifikiria mwenyewe juu ya tofauti hiyo.

Jihadhari pia

Si kila kurasa ni ya kuaminiwa. Siku hizi kwenye simu zinatembea habari kwamba mfupa wa Ishango ni «kompyuta ya kwanza ya dunia», ama kwamba vitu vya kale vililetwa na viumbe kutoka nyota nyingine. Habari za namna hiyo zinauza, lakini zinawanyima wazee wa kale kazi yao wenyewe.

Kabla ya kuamini na kusambaza, uliza mambo matatu. Je, makala inasema kitu kilikutwa fasi gani, na katika tabaka gani la udongo? Je, inasema nani alichimba na mwaka gani? Je, inakuonyesha pia maoni ya wale wasiokubali? Kama yote matatu hayapo, hiyo ni hadithi ya kupitisha wakati tu.

Na hapa Masisi na Walikale?

Kusema ukweli, Ishango inajulikana kwa sababu kuko watu walioenda kuchimba kwa utaratibu. Misitu ya Walikale na milima ya Masisi haikuchimbwa namna hiyo. Barabara mbaya na vita vya miaka hii yote vinaeleza sehemu kubwa. Lakini fasi ambayo haijachimbwa si fasi isiyo na kitu.

Katika msitu wenye mvua nyingi, udongo wake mara nyingi unakula mifupa, kwa hiyo usitegemee kuona mifupa ya kale sana kwa urahisi kule Walikale. Vinavyodumu ni mawe yaliyochongwa, vigae vya vyungu, makaa, na mavi ya chuma, yaani mabonge meusi yenye vitundu ambayo yanabaki kisha mawe ya chuma kuyeyushwa. Ukiona mabonge mengi ya namna hiyo fasi moja, yamkini hapo kulikuwa tanuru la wahunzi.

Katika eneo letu la maziwa makuu, Rwanda, Burundi, Kivu na nchi za kando ya ziwa Victoria, wataalamu wamekuta vyungu vya aina moja, vingine vikiwa na kibonyo chini ya kitako. Wanaviita Urewe, kwa jina la fasi moja magharibi ya Kenya. Waliovifinyanga waliishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ni kati ya wa kwanza wanaojulikana huku kulima na kuyeyusha chuma.

Masimulizi ya wazee nayo yanatunza alama. Banyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya Mwindo, shujaa aliyezaliwa akitembea na kusema. Daniel Biebuyck aliandika masimulizi hayo mwaka wa 1956 kutoka kinywa cha mzee mmoja Munyanga, na mwaka wa 1969 akayatoa katika kitabu pamoja na mwanachuoni wa kwetu, Kahombo Mateene. Ndani yake, wajomba wa Mwindo ni wahunzi, nao wanamvika chuma mwilini kabla hajaenda kupigana. Hadithi si ripoti ya uchimbaji. Lakini watu waliosimulia hivyo waliujua moto wa wahunzi, na mavi ya chuma yaliyo ndani ya udongo yanaweza siku moja kutuambia moto ule uliwaka tangu lini na fasi gani.

Chungu kilichovunjwa

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma. Miaka michache iliyopita nilikuwa ninatembea katika kijiji kimoja cha Masisi kwa kazi nyingine ya radio. Vijana walikuwa wanachimba choo. Chini kidogo ya kimo cha mtu walikuta chungu kikubwa, kimelala upande, na ndani yake udongo mweusi na makaa. Nilipofika kilikuwa tayari vipande. Kuko mtu alisema ni mali ya wazungu wa zamani, kuna dhahabu ndani. Mwingine akasema ni merkiri nyekundu. Wakakipiga na chepeo. Hakukuwa dhahabu. Udongo mweusi ulimwagwa, vipande vikatupwa, na choo kikaendelea.

Sikuwalaumu. Mtu mwenye njaa akiona chungu ndani ya udongo, ni nani aliyemfundisha kwamba makaa yale ndiyo yalikuwa mali? Kwa makaa yale yangepimwa miaka. Kwa urembo wa shingo ya chungu ingejulikana kilifanana na vya wapi. Hata mahali kilipolala pangesema kama ni kaburi, ghala ama jiko. Nilichopata ni kigae kimoja kidogo, na hata hicho, kikiwa mezani kwangu, hakisemi kitu.

Hili ndilo somo kubwa la magazeti haya, na ni jibu la kwanza kwa msikilizaji wetu mchimbaji. Kilo ya koltani ina bei yake hata ikitolewa Masisi na kuuzwa mbali, hakuna anayeuliza ililala namna gani. Kitu cha kale si hivyo. Nusu ya thamani yake ni fasi kilipolala na vitu vilivyolala nacho. Mfupa wa Ishango unasema juu de Heinzelin aliandika tabaka lake. Kama mtu angeuokota na kuuuza sokoni, leo ungekuwa mfupa wenye mikwaruzo.

Ukikuta kitu ndani ya udongo

Kwanza, usalama. Kama ni chuma chenye kutu na umbo lisilojulikana, usikiguse, usikipige. Huku kwetu inaweza kuwa bomu au gruneti. Ondosha watoto, weka alama kwa mbali, julisha mkubwa wa kijiji.

Kama ni mifupa ya watu, simama. Inaweza kuwa ya kale sana, inaweza kuwa ya ndugu zetu waliouawa katika vita. Hilo la pili ni jambo la familia na la sheria, si la akiolojia. Julisha mkubwa wa eneo na usihamishe kitu.

Kama ni chungu, vigae, jiwe lililochongwa ama mavi ya chuma, fanya hivi:

Acha kuchimba hapo hapo, kama inawezekana.

Piga picha kitu kikiwa bado ndani ya udongo, na kando yake weka kitu chenye kipimo kinachojulikana, sawa kalamu ama jembe.

Pima kimo tangu juu ya ardhi hadi kilipo, andika kwenye karatasi pamoja na tarehe, jina la kijiji na nani alikikuta.

Usikioshe, usimwage udongo wala makaa yaliyo ndani. Kama ni lazima kazi iendelee, funga vyote pamoja fasi moja.

Mpelekee habari mkubwa wa kijiji ama wa grupema, na mwalimu wa historia aliye karibu.

Sheria nayo iko. Tangu mwaka wa 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni. Na Kodi ya madini ya 2002 inamtaka mwenye haki ya kuchimba, akikuta alama za akiolojia, asivihamishe vitu hivyo na awajulishe kwa maandiko wenye madaraka ya utamaduni. Makampuni yaliyo huku yanapaswa kuijua. Wakaaji nao wana haki ya kuuliza kama inafuatwa.

«Nani alifika wa kwanza?»

Kuko neno moja ambalo lazima tuliseme wazi. Huku Masisi na Walikale, habari za zamani si mchezo. Watu wamekufa juu ya ardhi, na kila upande ulikuwa na historia yake ya nani alikuta nani. Mtu anaweza kusoma makala hii na kufikiri: vizuri, tukichimba tutapata ushahidi kwamba kilima hiki ni chetu.

Akiolojia haifanyi kazi hiyo. Chungu hakina kabila. Kigae kinaweza kusema kilifinyangwa lini na kwa mtindo gani, lakini hakisemi mfinyanzi alizungumza lugha gani, wala alijiita nani. Vyungu vya Urewe vinapatikana katika nchi zaidi ya tano za leo. Wavuvi wa Ishango waliishi kabla ya majina yote tunayogombania, na hakuna kati yetu anayeweza kusimama kwenye baraza na kusema wale ni babu zake peke yake. Wakati walipokata chale kwenye mfupa hakukuwa Muhunde, hakukuwa Munyanga, Mukumu, Mutembo, Muhutu wala Mututsi. Kesi ya shamba inaamuliwa kwa sheria na kwa mapatano ya walio hai. Anayepeleka kigae kwenye kesi hiyo anakiharibu kigae na anaiharibu kesi.

Pa kusoma bila pesa nyingi

Gazeti jipya la Ulaya ni bei kali, na halifiki Walikale. Lakini namba za zamani zinapatikana Goma kwenye vitabu vya mitumba, na namba ya miaka 20 iliyopita bado inafundisha, mradi ukumbuke kwamba umri na maoni vinaweza kuwa vimebadilika. Mwenye simu na mega kidogo anaweza kutafuta jina Ishango, kuangalia picha za mfupa na kuhesabu chale mwenyewe. Mwalimu mmoja akipata makala moja nzuri, fotokopi moja inatosha darasa zima, sawa ile yetu isiyo na jalada.

Na wewe ndugu mchimbaji uliyetuuliza: hapana, hawakuchimba juu ya mfupa wa samaki. Walichimba wajue nani aliyemvua samaki yule, alimvua na nini, na alikuwa anafikiri nini jioni alipokaa na kipande cha mfupa mkononi akikata chale. Chepeo yako inapita katika udongo ambao hakuna mtaalamu aliyeufikia. Siku utakayoona kitu, piga picha kwanza, halafu utupigie simu.